Mgeni wa Saa Sifuri

Kila asubuhi kabla ya kuingia kazini, Popo alimkabidhi Fundi simu yake, saa yake ya mkononi na pini yake ya nywele yenye kung'aa, kama mfungwa anayepokelewa jela, ila mfungwa hawi na haraka ya kuingia.

"Na kitana?" Fundi aliuliza, kiganja bado kiko wazi.

"Kitana hakiwaki, Fundi."

"Siku hizi siamini kitu. Lete."

Akatoa kitana. Fundi akakikagua jino kwa jino, akakinusa, akakitumbukiza kwenye droo na vile vingine. Alikuwa mwanamume mwembamba, miwani imefungwa uzi nyuma ya kichwa, na hakuwahi kucheka. Alikuwa akichekesha tu, halafu anakuangalia kana kwamba wewe ndiye mwenye kasoro.

Jina la Popo alilipata hapohapo maabara, kwa sababu ya chumba alichokitunza: chumba cha giza, mwisho wa korido, chenye milango miwili na pazia jeusi zito katikati, ili anayeingia aufunge wa kwanza kabla hajaugusa wa pili. Mwanzoni alikuwa kibarua wa kupiga deki. Siku moja umeme ukakatika, kila mtu akasimama alipo akipapasa ukuta, yeye akaendelea na deki mpaka mwisho wa korido bila kugonga hata kiti. Daktari akasema, "Huyu si wa deki huyu," na kesho yake akampa chumba.

Humo ilioteshwa ngano isiyoruhusiwa kuuona mwanga tangu mbegu inapopasuka. Kwa siku saba ilirefuka gizani, nyembamba, ya njano kama kiini cha yai. Siku ya nane ilitolewa, ikawekwa chini ya taa kali nyeupe, ikaanza kugeuka kijani, na Daktari akaanza kuuvizia mgeuko huo. Majani machache yalikatwa saa sifuri, yaani kabla mwanga haujayagusa. Mengine saa ya tatu, mengine ya sita, mengine ya kumi na mbili. Kila fungu lilitumbukizwa kwenye spiriti ya moto life palepale na siri zake. Kisha yalikamuliwa mafuta, mafuta yakaenda kwa Fundi, na mashine ya Fundi ikayachora kwa kalamu kwenye karatasi ndefu, kilima baada ya kilima.

"Mafuta?" Popo aliwahi kuuliza, wiki yake ya kwanza. "Jani lina mafuta? Mbona halichuruziki?"

Kumuuliza Daktari swali ilikuwa kama kufungulia bomba. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko kinachotangulia mwili wake kuingia chumbani, na hapo hapo alivuta kiti.

"Sikiliza, mwanangu. Watu wanadhani kijani ni rangi tu. Haya, rangi unaipaka wapi? Ukutani! Na jani la gizani ukuta halina, lina kiwanja na rundo la vifaa. Mwanga ukipiga tu, linajenga utando juu ya utando, maelfu, mwembamba hujapata kuona, umepangwa kama mashuka kabatini. Na utando unajengwa kwa nini? Kwa mafuta! Kila chembe ya mafuta ina kichwa na mikia miwili. Mikia ndiyo hizo asidi za mafuta. Mkia ulionyooka unafanya utando mgumu. Uliopinda unaulainisha. Sasa jani la kijani linapenda ule uliopinda mara tatu, hivi, hivi na hivi." Akasimama kuonyesha mipindo mitatu kwa kiuno chake mwenyewe. Kiti kikaanguka. Fundi, bila kuinua macho, akasema mpindo wa pili haukuwa sawa.

Kati ya mikia yote kulikuwa na mmoja wa ajabu, wenye kaboni kumi na sita, ambao jani la gizani halina kabisa. Linaanza kuutengeneza likishauonja mwanga. Jina lake la kitabuni lilikuwa refu kuliko korido, kwa hiyo wao walimwita Mgeni. Saa sifuri, mahali pa Mgeni kwenye karatasi panatakiwa pawe tambarare kama meza. Saa ya sita, kilima kidogo. Saa ya kumi na mbili, kilima cha kumtoa Daktari machozi.

Basi mara tatu mfululizo, Mgeni alikuwa amefika saa sifuri. Amekaa, amevua viatu, anasubiri chai.

Maana yake ilikuwa moja tu: kuna mwanga unaingia chumba cha giza. Fundi alikuwa amebandika kila ufa, amepaka rangi nyeusi hadi tundu la ufunguo, na Mgeni bado anakuja. Gesi ya kuendeshea mashine ilikuwa imebaki ya kuchora jaribio moja tu. Na Mkuu wa idara, mtu mrefu anayetembea na rula mfukoni, alikuwa ameshapima chumba cha giza akakuta kinaingia viti vibovu mia moja na ishirini. Ngano ingetolewa Alhamisi. Saa sifuri ikiharibika tena, Ijumaa viti vinaingia, na Popo anatoka.

Hakuna aliyesema kwamba mwanga ulikuwa unatoka kwa Popo. Walimwomba tu kitana.

---

"Mke mwenza, umerudi?" Bibi yake aliita kutoka kitandani, kama ilivyo utani wa mabibi na wajukuu wao. Waliishi wawili, chumba kimoja chenye dirisha moja. "Eti Alhamisi wanakufukuza?"

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Jana usingizini. Ulisema 'Mgeni, toka,' nikadhani unanifukuza mimi." Bibi akacheka mpaka mto ukaanguka. Alikuwa mtu wa kucheka kwanza na kuuliza baadaye. "Hebu nielewe. Wanakulipa umwagilie kitu usichokiona?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na unajuaje kama kipo?"

"Nakigusa."

"Babu yako naye alikuwa na maneno hayohayo."

"Bibi!"

"Nini? Giza ni giza." Akajifuta machozi. Alipomwona mjukuu wake hachangamki, akajisogeza ukutani kumpa nafasi. "Kwani ukirudi kwenye deki, utakufa?"

Popo akavua viatu taratibu. Angemwambiaje? Kwenye deki alikuwa mtu wa kurukwa. Watu walimruka yeye na ndoo yake, wakaacha nyayo. Shule aliishia ya msingi, na tangu hapo hapakuwa na mahali pengine duniani ambapo yeye alijua jambo ambalo wengine hawalijui. Mle ndani alijua kila kona kwa kiwiko. Alijua mche uliochelewa na mche unaojidai. Daktari mwenye vyeti vya kujaza ukuta akiingia mle alijigonga, na Popo ndiye aliyemshika mkono.

"Sitakufa," alisema. "Nitachoka tu."

"Basi mwambie Mkuu wako kwamba ni shetani. Aliyeleta mwanga. Mashetani hawaulizwi."

Ushauri wa Bibi siku zote ulikuwa wa aina hiyo.

---

Jumatano asubuhi, siku moja kabla, Popo aliingia kumwagilia. Hakuwa na haja ya taa. Alichovya kikombe kwenye pipa, akahesabu hatua tatu hadi trei ya kwanza, iliyokuwa kwenye meza karibu na mlango, akapitisha kiganja juu ya miche kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto. Ilikuwa imechangamka. Majani mapana, bapa, yanateleza. Akahamia trei ya pili, pembeni yake. Bapa pia.

Trei ya tatu haikuwa na nafasi mezani. Ilikuwa chini, nyuma ya pipa, ndani kabisa ya rafu ya mwisho. Akachuchumaa, akaingiza mkono.

Majani ya trei ya tatu yalikuwa yamejiviringisha. Kila moja, kutoka shina hadi ncha, kama mkeka uliokunjwa ukaegemezwa ukutani.

Akarudi ya kwanza. Bapa. Akarudi ya tatu. Mkeka. Ya kwanza. Ya tatu. Angekuwa mwangani mtu angedhani anacheza rede peke yake.

Siku za nyuma trei zilipandwa kwa kupishana, leo moja, kesho nyingine, kwa hiyo akikuta jani limefunuka alijiambia tu kwamba hilo ni kubwa kuliko wenzake. Lakini safari hii, kwa haraka ya Mkuu na viti vyake, alizipanda zote tatu yeye mwenyewe saa moja, kwa mkono mmoja, mbegu za gunia moja. Walikuwa mapacha watatu. Kwa nini wawili waamke na mmoja aendelee kulala?

Na majani bapa yeye aliyajua. Ndiye aliyekuwa akizimwaga trei baada ya kazi kwisha, zikishakaa kutwa chini ya taa nyeupe, na kule kila jani lilikuwa limefunuka. Alikuwa bado amechuchumaa, kidole kimoja ndani ya mkeka, akiliwaza hilo, aliposikia mlango wa kwanza ukifungwa.

"Hodi, wanangu!"

Daktari huyo. Aliingia hivyo mara tatu kwa siku: asubuhi, mchana na kabla ya kwenda nyumbani. Si kwa kazi. Ni mapenzi tu, hakuweza kujizuia. Akawasha tochi yake ya kijani na chumba kikawa kama chini ya bwawa. Tochi hiyo ilikuwa halali, kila mtu alijua. Nuru ya kijani hailiamshi jani, na kwa sababu kila kitu humo kilionekana kijani, jani la njano na la kijani yalifanana, hakuna ambaye angeweza kuyatofautisha kwa macho.

"Nani kakua humu? Nani kampita mwenzake? Wee, usimsukume ndugu yako." Aliinamia trei ya kwanza, akaimulika kwa raha zake, akahamia ya pili. "Popo, upo?"

"Nipo huku chini, Daktari."

"Na wa huku chini hawajambo? Nisalimie. Magoti yangu hayafiki huko." Akaigeuzageuza tochi. "Unaiona hii? Ile taa yetu ya kijani ya zamani ilipoungua, mtu mwingine angesubiri mpya mpaka azeeke. Mimi mume wangu kaniletea maua. Maua nikampa jirani, karatasi ile nyembamba ya kijani iliyoyafunga nikaivalisha tochi. Miezi mitatu sasa! Eti hanisaidii kazi."

Popo alitaka kujibu kitu cha heshima. Akainamisha macho, na macho yakatua miguuni kwake.

Alikuwa amevaa kandambili zake za kila siku. Mwaka mzima, chini ya taa ya zamani, kandambili hizo zikiwa humu zilikuwa nyeusi. Alikuwa amezizoea hivyo: akivuka mlango zinakufa, akitoka zinafufuka. Sasa zilikuwa zinamwangalia, hazina hata haya, nyekundu kama nyanya.

Daktari akaaga, akazima, akatoka. Popo akabaki gizani na siri, na siri ikaanza kumtekenya. Miezi mitatu. Mara tatu kwa siku. Fundi amepaka rangi tundu la ufunguo! Wamenusa kitana! Akajiziba mdomo kwa pindo la nguo, haikusaidia, kicheko kikamtokea puani, akakaa sakafuni, akapigapiga pipa kwa kiganja mpaka maji yakamwagika.

Halafu kikakatika ghafla. Maana sasa ilibidi mtu akamwambie Daktari kwamba mwizi wanayemtafuta ni Daktari, na mtu huyo ni kibarua.

---

Alimkuta mezani kwake, amezama kwenye makaratasi, biskuti mdomoni.

"Daktari, samahani."

"Sema, mwanangu."

"Nimemjua anayeingiza mwanga."

Biskuti ikatoka. "Nani? Nitajie sasa hivi nikamtie adabu."

"Ni mtu mkubwa."

"Mkuu! Na rula yake!"

"Si Mkuu."

"Basi Fundi. Nilijua. Anaenda kuvuta sigara mle."

"Sijavuta tangu nioe!" Fundi alijibu kutoka chumba cha pili, ukuta ulikuwa mbao tu.

Popo alikuwa anajikuna mkono pasipowasha. "Ni mtu anayewapenda sana wale watoto. Anakuja kuwaona mara tatu kwa siku. Ni mtu..." Akatafuta namna ya kulisogeza jambo mbele bila kulisema. "Ni mtu mwenye mwili."

Akajuta palepale. Daktari akakunja uso, akaanza kuwahesabu kwa vidole wanene wote wa jengo lile, akapita ghorofa ya kwanza, akapanda ya pili. Kidole cha nne kikabaki hewani.

"Mimi?"

Chumba cha pili, kiti kikaburutwa hadi ukutani.

"Tochi yangu ya kijani, Popo. Kijani hakiliamshi jani. Mimi nafundisha hivyo watu miaka ishirini."

"Ndiyo, Daktari." Mdomo ulikuwa umeshaondoka peke yake. "Lakini kandambili zangu kule ndani zimeiva."

Mahali pengine pekee penye giza pa kuzijaribia kandambili palikuwa stoo ya mifagio chini ya ngazi. Ilitengenezwa kwa ajili ya mifagio. Daktari aliingia kwanza akaijaza. Popo akaingizwa ubavuni, kandambili mkononi. Fundi, aliyesema hatakubali kusimuliwa, akajipenyeza kwa ubavu na kuvuta mlango, deki ikiwa imemlalia kichwani kama nywele za kukodi.

"Nani kanikanyaga?"

"Si mimi, niko juu ya ndoo."

"Washa, Daktari, pumzi inaisha."

Tochi ikawaka. Nyuso tatu zikawa za kijani, mifagio ya kijani, ukuta wa kijani. Na katikati, kwenye kiganja cha Popo, kandambili mbili nyekundu.

Daktari akazisogelea, akaisogeza tochi, akaizungusha. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo ajabu kutoka kifua kile kikubwa. "Kijani kitupu hakiwezi kukuonyesha chekundu. Kingeonekana cheusi. Kama nakiona chekundu, basi wekundu umo humuhumu kwenye tochi. Unapita kwenye karatasi. Na wekundu ndio..."

"Ndio unaoamsha jani," Fundi akamalizia.

"Karatasi ya maua! Nimefunga tochi kwa karatasi ya maua! Mimi! Na walioko mezani nimewamulika kila siku, nikiwauliza nani kakua!"

"Wa mezani majani yamefunuka," Popo akasema haraka, kwa kuwa sasa neno lilikuwa limepata njia. "Wa chini ya rafu bado yamejikunja. Hujawahi kuwafikia. Kwa sababu ya..."

"Magoti!" Daktari akapiga yowe. "Yamebarikiwa magoti yangu!"

Na hapo kikamtoka. Kicheko cha Daktari ndani ya stoo ya mifagio hakikuwa na pa kwenda, kikagonga ukuta kikarudi, kikamchukua Popo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya jengo lile kikamchukua Fundi, ambaye alicheka kwa sauti nyembamba ya bawaba isiyotiwa mafuta, jambo lililowavunja mbavu wale wawili upya. Ndoo ikaanguka. Mlango ukafunguka.

Mkuu alisimama mwangani, rula mkononi. Akamwangalia Daktari, akamwangalia Fundi mwenye deki kichwani, akamwangalia binti aliyeinua kandambili kama anayepiga mnada.

"Hiki ni kikao?"

"Cha dharura, Mkuu," Daktari alisema, machozi yanamtiririka.

"Viti vinakuja Ijumaa saa nne."

"Vije. Tutakuwepo."

---

Lakini kulijua kosa si kuliondoa. Tochi haikufaa, taa mpya haikuwepo, na majani ya saa sifuri ilikuwa lazima yakatwe kabla nuru yoyote haijayagusa. Daktari alizunguka meza yake mara kumi, kisha akasimama mbele ya Popo.

"Unaweza kukata bila taa kabisa?"

"Majani mangapi?"

"Arobaini. Mazima, ya rika moja. Likiingia hata moja lililoonja mwanga, Mgeni huyoo. Na gesi ni hiyo hiyo ya jaribio moja."

Popo akajitazama vidole. "Nitayakata."

Alhamisi asubuhi aliingia peke yake. Kushoto kwake, ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka kuchemka, ilisimama chupa ya spiriti ya moto, mdomo mpana, imefunikwa. Kulia, mkasi. Nje ya pazia Daktari na Fundi walikaa sakafuni kama wazazi wanaosubiri mlango wa hospitali ufunguke.

Akaivuta trei ya tatu hadi magotini. Akavuta pumzi. Kidole gumba na cha shahada vikalishika jani la kwanza, vikapanda nalo hadi ncha: mkeka. Mkasi. Kifuniko, joto usoni, tumbukiza.

"Moja," akasema.

"Moja!" wakaitikia nje.

"Mbili."

"Mbili!"

Kufika kumi mikono ilikuwa imeshasahau kwamba inaogopa. Kufika ishirini alikuwa anakwenda kwa mwendo wa mtu anayesuka. Kwenye thelathini na tatu vidole vikasimama. Jani hilo lilikuwa pembeni kabisa mwa trei, upande wa pipa, na ukingo wake mmoja ulikuwa umelegea, kidogo tu, kama mlango ambao mtu ameusukuma akaghairi.

"Thelathini na tatu?" Daktari aliuliza nje. "Popo? Mwanangu?"

Akalipapasa tena. Huenda ni umbo lake tu. Huenda tochi ilipenya ubavuni mwa pipa siku moja, dakika moja. Spiriti ilikuwa inapoa na nje walikuwa wanasubiri namba.

Akaliacha. Akawaacha pia majirani zake wote wa mstari ule, akahamia katikati ya trei, akaanza kupapasa upya.

"Thelathini na tatu," akasema.

"Thelathini na tatu!" Fundi alipiga ukelele kama golikipa.

Alipofunika chupa juu ya jani la arobaini, mgongo ulikuwa umelowa jasho. Akaibeba trei hadi mlangoni, akavuta pazia kwa bega, akatoka nayo chini ya taa nyeupe, amefumba macho kwa mazoea.

"Kaa," Daktari alimwambia, akamsukumia kiti. "Leo huendi kuosha kitu. Siku zote unawalea halafu unatupa tu maganda. Kaa uwaone."

Akakaa. Saa ya kwanza hakuna kilichotokea, ngano ilisimama ya njano, imeduwaa kama watu walioamshwa vibaya. Saa ya pili mikeka ikaanza kulegea, mmoja hapa, mmoja pale, na Popo akawa anawaonyesha kwa kidole, "Yule! Na yule! Daktari, yule mrefu!" Saa ya tatu alibishana na Fundi kama hicho ni kijani au ni macho. Saa ya sita hakukuwa na ubishi. Kijani kilikuwa kimepanda kutoka ncha hadi shina, kibichi, cha kupigia kelele, na alijua kwamba ndani ya kila jani, mahali pasipofikiwa na kidole chochote, mafundi wasiohesabika walikuwa wanakunja mikia mara tatu tatu na kupanga mashuka kabatini, mbio mbio, hawajui kama wanatazamwa. Akashindwa kukaa. Akaizunguka meza anarukaruka, na Daktari, aliyekuwa anakata fungu la saa ya sita, akamsihi asimchekeshe maana ana mkasi.

---

Ijumaa saa nne kasoro, viti vilikuwa vimeshafika. Wabebaji walivishusha koridoni, wakavikalia, kwa kuwa nusu yake vilikuwa vinakalika. Mkuu akaja na rula. Akakuta chumba cha mashine kimejaa, akasimama nyuma, na kwa urefu wake akaona kuliko wote.

Fundi akaingiza tone la mafuta ya saa sifuri. Kalamu ikatikisika, karatasi ikaanza kutambaa. Kilima cha kwanza, kikubwa, mkia ulionyooka. Hicho kilitakiwa. Mstari ukashuka, ukanyooka.

"Anakuja sasa," Fundi alisema kwa sauti ya chini. "Mahali pake ni hapa. Kuanzia hapa hadi hapa."

Popo alishika ukingo wa meza. Kalamu ilitambaa. Ikafika kwenye alama ya kwanza ya penseli. Ikatetemeka, kisha ikatulia. Ikaenda. Ikaenda. Mstari ulikuwa tambarare hata ungeweza kuweka yai juu yake. Ikavuka alama ya pili na kuanza kupanda kilima kingine kabisa, kisichowahusu.

"Hayupo," Fundi alisema.

"Rudia," Daktari alisema.

"Hayupo! Mgeni hayupo! Hajafika! Hajatoka hata kwao!"

Aliyemkumbatia nani kwanza haikujulikana. Daktari alimwinua Popo juu, kandambili moja ikaruka ikamgonga Mkuu tumboni. Mkuu akaiokota, akaishika kwa ncha ya vidole.

"Kwa hiyo," aliuliza, "mwanga ulikuwa unaingia wapi?"

Popo alinyanyua macho kwa Fundi, Fundi akayapeleka kwenye dari. Hapo palikuwa na nafasi ya kusema ufa, au shetani wa Bibi.

"Ulikuwa unaingia na mimi, Mkuu," Daktari alisema. "Mfukoni mwangu. Na aliyegundua ni huyu, kwa vidole, na saa sifuri hii ameikata huyu katika giza totoro bila kukosea jani. Ukitaka kuweka viti mle, sawa. Lakini kwanza nitafutie mtu mwingine anayeweza hivyo, nami nitakaa juu ya viti vyako vyote kimoja kimoja."

Mashine ilikuwa imeanza kuchora saa ya sita. Mkuu akachungulia juu ya vichwa vyao. Kwenye mahali pale pale palipokuwa tambarare, kalamu ikapanda kidogo, ikachora kibonge cha kilima, ikashuka. Daktari akalia kwa sauti. Mkuu alimrudishia Popo kandambili, akaitia rula mfukoni, akatoka koridoni kuwaambia wabebaji warudishe viti walikovitoa, nao wakauliza kama wanaweza kumalizia kukaa.

Saa ya kumi na mbili ilipochorwa, kilima kilikuwa cha kutisha, na Daktari alikuwa tayari na karatasi nyingine mbele yake, anapanga wiki ijayo. Trei sita badala ya tatu. Kibarua cha Popo kibadilishwe jina, kiwe kazi ya kudumu, mtunza chumba cha giza. Barua ya kuombea alishaianza.

"Haya, mtunza chumba," alisema, kalamu tayari. "Unahitaji nini mle ndani? Sema chochote."

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Popo akafikiri, kwa utaratibu wake, mpaka Fundi akapiga miayo.

"Komeo," akasema. "La ndani."

"La nini tena?"

"La kukufungia nje, Daktari. Mpaka siku ya nane."

Fundi alikuwa ameshafungua droo anatafuta bisibisi. Daktari akamwangalia Popo, akaiangalia tochi yake mezani, akafungua mdomo kubisha, akaufunga. Kisha akainuka akaenda mwenyewe kushika mlango usichezecheze wakati Fundi anakaza skrubu, huku akiuliza kama angalau anaweza kuwa anaambiwa habari za wale watoto kupitia tundu la ufunguo.

"Limepakwa rangi," Popo alimjibu. "Utaniuliza mimi."